Sura ya Tano: Tundu Halizibiki

Anayeshona nguo ana ruhusa ya kukosea. Mshono ukienda upande anaufumua, anapiga pasi, na nyuzi za kitambaa zinarudi mahali pake kana kwamba sindano haikupita. Ngozi haitoi ruhusa hiyo. Haikufumwa, kwa hiyo hakuna nafasi kati ya uzi na uzi ambamo sindano ingejipenyeza. Kila tundu ni mchano kwenye kitu kizima, na likishatoboka limetoboka. Mkunjo uliokunjwa pasipo pake unaacha mstari. Ukucha ukiparuza uso, alama inabaki. Maji yakimwagika hayazoleki, na juu ya ngozi hata tone moja linaweza kuacha doa.

Wengi wakiambiwa hivi huingiwa na woga, wakaona afadhali waende dukani kununua mkoba. Mimi nauona ugumu huu kuwa msaada. Kazi isiyofutika inakulazimisha kuamua mapema: ukate wapi, utoboe wapi, uanze na kipi. Kushona mkoba wa ngozi kwa mkono ni kazi ya mpangilio kabla ya kuwa kazi ya vidole, na mpangilio ukikaa sawa, hata mikono isiyo na uzoefu hutoa kitu cha kuvaliwa miaka mingi. Ndiyo maana katika sura hii sindano inachelewa kufika.

Mkoba tutakaoutengeneza ni mdogo, wa begani, wa kubeba simu, pochi, funguo, miwani na kitabu chembamba. Umbo lake ni jepesi kulielewa. Ukanda mmoja mpana wa ngozi unaanzia mbele, unapita chini, unapanda mgongoni, unavuka juu, kisha unashuka tena mbele kuwa mfuniko. Pande mbili zilizo wazi zinazibwa na vipande viwili ninavyoviita mbavu. Cherehani ya nguo haifai hapa, kwa sababu tabaka mbili za ngozi nene huielemea. Unachohitaji ni meza imara, mwanga wa kutosha na jioni kadhaa ambazo hakuna mtu atakayeidai meza hiyo kwa chakula.

Kuchagua ngozi

Ngozi huuzwa kwa futi za mraba, na futi moja ya mraba ni sentimita za mraba 929. Vipande vyote vya mkoba huu, pamoja na mkanda, vinafika karibu sentimita za mraba 2,500, yaani chini kidogo ya futi 3. Nunua futi 4. Ziada hiyo si ya hasara: vipande havipangiki bila mapengo, na kila ngozi ina sehemu utakazozikwepa. Nairobi, soko la Kariakor lina sifa ya muda mrefu kwa viatu na mikoba ya ngozi. Tanzania ina kiwanda cha Karanga mjini Moshi, na kampasi ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) jijini Mwanza inafundisha teknolojia ya ngozi. Mahali pengine, muulize fundi viatu wa mtaani anakonunua. Naye hununua kwa kipande.

Kwanza ujue ngozi imesindikwa namna gani. Njia ya zamani hutumia tanini, dawa inayopatikana katika magome ya miti. Kwetu mti maarufu wa kazi hiyo ni muwati, mti wenye asili ya Australia, uliopandwa kwa wingi nyanda za juu za Kenya na huko Njombe, ambako kampuni ya Tanganyika Wattle ilianzisha mashamba yake mwishoni mwa miaka ya 1940. Ngozi hukaa katika maji ya tanini kwa wiki kadhaa, pengine miezi, ikatoka ya kahawia, ngumu kiasi, na yenye tabia ya kushika umbo inalopewa. Njia ya pili hutumia chumvi za madini ya kromu. Augustus Schultz aliichukulia hataza nchini Marekani mwaka 1884, na kazi ya wiki ikawa ya siku moja au mbili. Sehemu kubwa ya ngozi duniani leo husindikwa hivyo. Ngozi ya kromu ni laini, inapokea rangi za kila aina, na inavumilia maji na joto kuliko ya magome.

Kwa mkoba wa kwanza chukua ngozi ya magome. Ukiilowesha kidogo na kuikunja, mkunjo unakaa. Ukiisugua ukingoni, ukingo unashikamana na kung'aa. Ya kromu hurudi ilivyokuwa, na ukingo wake hubaki na manyoya mpaka ukunjwe ndani au upakwe rangi nzito. Kuzitofautisha si kazi. Tazama ukingo uliokatwa: ya magome ni ya kahawia uso hadi chini, ilhali ya kromu mara nyingi ina rangi ya kijivu au samawati katikati. Dondoshea tone la maji kwenye kona: ya magome ambayo haijapakwa kitu hulinywa na kuwa nyeusi papo hapo. Na kama una shaka kuwa ni ngozi bandia, omba uzi mwembamba wa ukingo uuchome kwa kiberiti. Ngozi hunuka kama nywele zilizoungua. Plastiki huyeyuka ikavuta utepe.

Pili, usome uso. Muuzaji atakunjua ngozi mezani, upande unaong'aa juu, aseme, "Dada, hii haina kovu hata moja." Mjibu kwa upole, "Igeuze kwanza, kaka." Upande wa nyama ndio unaoonyesha kisu cha mchunaji kilipoteleza: mkato mfupi, wakati mwingine hauonekani mpaka ukunje ngozi pale pale ukaona inafunguka. Kisha rudi upande wa uso na uinamishe ngozi kwenye mwanga wa dirishani. Vitundu vidogo vilivyosambaa, kama mahali palipochomwa na ncha ya pini, ni kazi ya kupe. Mistari myembamba isiyo na mpangilio ni miiba ya malishoni. Chapa ya moto huacha ngozi ngumu, inayong'aa vibaya, na huharibu eneo kubwa kuliko herufi zenyewe, hasa ikipigwa mbavuni au pajani ambako ngozi ni nzuri zaidi. Mifugo wetu wanaishi porini na kwenye miiba, kwa hiyo ngozi isiyo na alama kabisa utaitafuta sana. Cha muhimu ni kujua kila alama iko wapi. Mparuzo wa mwiba ukikaa katikati ya mfuniko unaweza hata kuupendezesha mkoba. Mkato wa kisu ukikaa kwenye mkanda utakatika siku umebeba mzigo.

Tatu, ujue kipande kimetoka sehemu gani ya mwili. Ngozi ya mgongoni, kufuata uti, imeshikamana na haivutiki. Hapo ndipo patoke mkanda na ukanda mkubwa. Ya tumboni ni laini na inavutika. Ukitoa mkanda wa tumboni, baada ya miezi michache mkoba uliokuwa unafika kiunoni utakuwa unagonga paja. Shika kipande kwa mikono miwili, uvute huku na huku. Upande unaokataa kuvutika ndio urefu wa mkanda. Kwa unene, milimita 2 zinatosha ukanda mkubwa, milimita 1.2 hadi 1.5 mbavu, na milimita 3 mkanda wa begani.

Kiolezo

Usichore moja kwa moja kwenye ngozi. Nunua karatasi ya manila na ukate kila kipande kwanza humo, kwa vipimo hivi:

Ukanda mkubwa una upana wa sentimita 26 na urefu wa 67. Urefu huo umegawanyika: 20 za mbele, 7 za chini, 20 za mgongoni, 7 za kuvuka juu, na 13 za mfuniko unaoshuka mbele. Chora mstari wa penseli kwenye kila mpaka.

Kila ubavu una upana wa sentimita 9 na urefu wa 21. Humo, sentimita 7 kwa 20 ndizo ubavu wenyewe. Sentimita 1 inayobaki kushoto, kulia na chini ni pindo litakaloshonwa. Kona mbili za chini zikatwe kwa mshazari wa digrii 45 ili mapindo yasipandane.

Mkanda una upana wa sentimita 2.5, nao uwe vipande viwili: kirefu cha sentimita 90 na kifupi cha 40 kitakachobeba bizimu. Ongeza vipande viwili vidogo vya sentimita 2 kwa 8, vya kushika pete za mkanda.

Kabla ya kugusa ngozi, unganisha manila kwa gundi ya karatasi au selotepu upate mkoba kamili. Uvae. Simama mbele ya kioo. Tia humo vitu unavyobeba kila siku, fungua na kufunga mfuniko. Hapa ndipo makosa hayana gharama: kama simu haiingii, ongeza sentimita 2 kwenye upana, kama mfuniko ni mfupi, urefushe. Ukisharidhika, andika juu ya kila kipande jina lake, vipimo vyake na mshale unaoonyesha upande wa uti wa mgongo. Kisha ongeza sentimita 1 ya akiba kwenye mdomo wa mbele wa ukanda mkubwa. Manila haina unene, ngozi inao, na mikunjo miwili ya chini hula milimita kadhaa ambazo hutaziona mpaka wakati wa kuunganisha.

Kukata

Panga violezo vyote juu ya ngozi kwa pamoja kabla ya kukata chochote. Mkanda kwanza, kufuata uti. Ukanda mkubwa pembeni yake. Mbavu zinaweza kutoka sehemu laini zaidi, kwa kuwa kazi yake ni kukunjika. Zunguka kila kipande kwa ncha ya msharasi, ukichora mstari mwembamba; kalamu ya wino huingia ndani ya ngozi na haitoki.

Kata kwa kisu chenye wembe mpya na rula ya chuma, chini ukiweka ubao au gazeti nene. Usitafute kukata kwa mkupuo mmoja. Pitisha kisu mara 3 au 4 kwenye mstari ule ule, kila mara ukishuka kidogo, na vidole vya mkono unaoshika rula vikae mbali na njia ya kisu. Nguvu nyingi ndiyo inayofanya kisu kiruke. Kisu butu ni cha hatari kuliko kikali, kwa sababu kinakudai nguvu hiyo.

Sasa punguza unene pale ngozi itakapokunjwa. Kwenye mbavu, upande wa nyama, paruza kwa kisu kilicholazwa karibu bapa kwenye mistari ya mapindo mpaka unene upungue kwa theluthi hivi. Lowesha mistari hiyo kwa sponji, subiri maji yaingie, kisha kunja mapindo yote matatu kuelekea upande wa uso, uyabane kwa vibanio vya nguo, uyaache yakauke usiku kucha kivulini. Jua na moto vikae mbali: ngozi ya magome iliyolowa ikipata joto kali hujikunyata na kuwa ngumu, na hairudi. Fanya vivyo hivyo kwenye mikunjo ya ukanda mkubwa, ila huo ukunje uso ukiwa nje.

Kuna kanuni moja ya mpangilio ambayo ukiisahau utailipia: chochote kinachokaa katikati ya kipande kishonwe kabla kingo hazijaunganishwa. Mkoba ukishafungwa pande zote, mkono hauingii vizuri na nyundo haina mahali pa kutua. Kwa hiyo sasa ndio wakati wa kufunga pete za mkanda juu ya kila ubavu kwa vile vipande vya sentimita 8 vilivyokunjwa katikati. Sasa pia ndio wakati wa kutia kishikizo mbele: kishikizo cha shaba chenye kichwa cha duara na skrubu nyuma, kinachofungwa kwa bisibisi tu. Tundu la kishikizo kwenye mfuniko usilitoboe. Hilo litakuwa la mwisho kuliko yote.

Matundu

Chukua bikari ya mwanafunzi, ifungue milimita 4, na uvute mguu mmoja ukingoni huku mwingine ukichora mstari juu ya ngozi. Mstari huo ndio njia ya mshono. Fanya hivyo kwenye ukanda mkubwa tu, sehemu ya mbele, chini na mgongoni, kila upande sentimita 47.

Mafundi wana patasi yenye meno ya kugawa mshono kwa nafasi sawa. Ukiwa nyumbani, uma wa mezani wa chuma utakufaa. Simamisha meno yake juu ya mstari, ugonge kidogo kwa nyundo yaache alama bila kupenya. Hatua inayofuata, jino la kwanza liingie katika alama ya mwisho, ndipo nafasi isibadilike. Ukiwa na patasi ya milimita 4, upande mmoja utapata matundu karibu 118. Uma wenye nafasi pana zaidi utakupa machache na mshono wenye sura ya kibarua, nao si vibaya. Unapokaribia kona, hesabu alama zilizobaki na uzisogeze kidogo kidogo ili tundu lisiangukie kwenye mkunjo wenyewe.

Alama ni za ukanda mkubwa peke yake kwa makusudi. Ukitoboa vipande viwili kila kimoja pekee ukitumaini vitalingana, havitalingana. Badala yake, paka gundi ya viatu kwenye pindo la ubavu na kwenye ukingo wa ukanda, upande wa nyama kwa upande wa nyama, kwa utepe mwembamba usiofika mstari wa mshono. Fungua madirisha, na hakikisha hakuna jiko linalowaka karibu, maana mvuke wa gundi hiyo unashika moto upesi. Subiri mpaka ukigusa isinate kidoleni, ndipo ubandike, ukianzia katikati ya chini na kupanda pande zote mbili. Gundi hii haisubiri: vikishagusana vimegusana. Ukifika juu utaona ile akiba ya sentimita 1 imezidi mdomoni. Ikate sasa ilingane na mbavu.

Kisha toboa tabaka zote mbili kwa pamoja. Msharasi wa kazi hii hauna ndoano. Una ncha bapa yenye pande kali, inayoacha mpasuo mdogo badala ya tundu la duara. Uchome kwanza kwenye kipande cha sabuni ya mche ili uteleze. Weka kizibo cha chupa au kipande cha mti laini nyuma ya ngozi, shika msharasi ukiwa umesimama wima, na uusukume kwa kiganja. Mwelekeo wa mipasuo yote uwe mmoja, ikilala kidogo. Vidole visikae nyuma ya ngozi hata mara moja. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Sindano mbili

Fundi viatu wa barabarani hushona kwa msharasi wenye ndoano: anachoma, ndoano inadaka uzi kutoka chini, anaurudisha juu, anaufunga na uzi wa pili. Ni kazi ya haraka na inafaa soli. Cherehani hufanya kitu hicho hicho, nyuzi mbili zikikamatana katikati ya ngozi. Tatizo linakuja uzi mmoja ukikatika. Mwenzake hana tena cha kushikia, na mshono huachia tundu baada ya tundu.

Mshono wa mkono wa sindano mbili umejengwa tofauti. Uzi ni mmoja tu, una sindano kila mwisho, na ncha zote mbili hupita katika kila tundu, moja kutoka kushoto na nyingine kutoka kulia. Upande mmoja ukisagika kwa kusuguana na nguo, uzi wa upande wa pili bado umejaza tundu na kushikilia. Watengeneza matandiko ya farasi walishona hivyo kwa sababu kukatika kwa mkanda kulimwangusha mpanda farasi. Hermès, kampuni iliyoanza mwaka 1837 jijini Paris kama karakana ya lijamu na hatamu, hushona mikoba yake ya bei kubwa kwa mshono huo huo hadi leo. Hakuna siri ya kiwanda ndani yake, na wewe utaufanya mezani kwako.

Uzi mzuri ni wa katani au wa poliesta, unene wa milimita 0.8 hivi. Kata urefu mara 4 ya mshono. Kwa sentimita 47 ni pima moja na kidogo. Kama haujatiwa nta, uvute mara kadhaa juu ya bonge la nta ya nyuki. Nta huufanya uzi uteleze kwenye tundu, kisha unate humo, na huzuia maji. Sindano zinatakiwa ziwe butu, kwani tundu tayari lipo. Zisugue ncha kwenye msasa. Tunga kila sindano, kisha choma uzi wenyewe karibu na mwisho wake na uuvute urudi, ili sindano isichomoke njiani.

Kaa kwenye kiti, ubane mkoba kati ya mbao mbili zilizoshikwa na mapaja, ukingo ukiangalia juu. Ingiza sindano moja katika tundu la kwanza na ulinganishe uzi, nusu kushoto, nusu kulia. Sasa tundu la pili. Sindano ya kushoto inapita kwanza kwenda kulia. Mkono wa kulia unaipokea, unaivuta, na kuurudisha uzi wake nyuma kidogo ili tundu lionekane. Sindano ya kulia inaingia katika tundu hilo hilo, ikipita upande wako wa uzi wa kwanza, bila kuuchoma. Ukihisi sindano inakwama kama imeshikwa, irudishe. Imepenya uzi wa mwenzake, na ukiilazimisha hutaweza kukaza. Zikishavuka zote, vuta mikono yote miwili kwa pamoja mpaka ngozi ianze kubonyea, uishie hapo. Ukizidisha, uzi wenye nta unakata ngozi laini ya mbavu.

Siri ya mshono ulionyooka ni kutobadilisha zamu. Kushoto kwanza, kulia pili, uzi daima upande ule ule, tangu tundu la kwanza hadi la mwisho. Ukigeuza mara moja tu, mishono itabadili mlalo, na jicho la kila mtu litaenda moja kwa moja pale. Ndiyo maana mtu akikuita katikati ya kazi, maliza tundu ulilo nalo kabla ya kuitika. Juu, kwenye mdomo wa mkoba, rudi nyuma matundu 3, kwa sababu mdomo ndio unaovutwa kila siku. Kata uzi karibu kabisa na ngozi. Wa poliesta uguse kwa moto wa kiberiti uyeyuke na kujifunga. Wa katani utie tone la gundi. Mwisho, gonga kwa nyundo juu ya mshono mzima, taratibu, mishono ikae.

Ukingo na umaliziaji

Mkoba wa mkono na wa kubabaisha hutofautiana ukingoni. Tabaka mbili za ngozi zilizoshonwa hazilingani sawasawa, kwa hiyo anza na msasa wa namba 220 mpaka ziwe kama ubao mmoja, fuata wa 400, kisha wa 600. Lowesha ukingo kwa kidole chenye maji na sabuni kidogo, usugue kwa mti laini uliotiwa mfuo au kwa mgongo wa kijiko, huku na huku, mpaka upate joto. Nyuzi zinalala na rangi inakoza. Rudia, halafu upake nta na usugue kwa kipande cha kanga ya zamani. Fanya hivi kwa mkanda pia, kabla ya kuufunga kwenye pete. Kazi hii inachosha kuliko kushona, na haina njia ya mkato.

Ndipo ufikie tundu la mfuniko. Jaza mkoba magazeti mpaka ukae kama utakavyokaa ukitumika, shusha mfuniko bila kuuvuta, na ubonyeze juu ya kishikizo kiache alama upande wa nyama. Toboa hapo, na ukate mpasuo wa milimita 5 kutoka kwenye tundu kwenda juu ili kichwa cha kishikizo kipite. Ungelitoboa tundu hili mwanzoni, wakati ngozi iko bapa, lisingekutana na kishikizo.

Paka mafuta ya ngozi yanayouzwa na wauza vifaa vya viatu, kidogo sana, kwa kitambaa, uache yanywewe usiku mzima. Ngozi itakuwa nyeusi kidogo, kisha irudi nusu. Itaendelea kukoza kwa jua na mikono yako. Anayeishi pwani ajue adui yake ni ukungu: mkoba usifungiwe kwenye mfuko wa plastiki wala kabati lisilo na hewa. Ukinyeshewa, upanguse, ujaze magazeti, ukauke kivulini. Na usipoziba ufa utajenga ukuta: mshono mmoja ukionyesha kuchoka kwenye mkanda, ushone mapema. Hutapima wala kutoboa upya, kwani matundu ya zamani yapo yakingoja uzi mpya, jambo ambalo mwenye mkoba wa ngozi bandia iliyoambuka hana.

Mkoba wa kwanza ukiisha, marafiki watauliza bei, nawe utashawishika kubuni umbo jipya kwa kila anayeuliza. Usikubali mapema. Chukua violezo vile vile vya manila na uandike juu yake yote uliyoyaona: mdomo ulizidi kiasi gani, tundu gani liliangukia kwenye kona, mkanda ulikuwa mrefu kwa nani. Rekebisha manila kwa mkasi, kisha ushone mkoba wa pili wa umbo hilo hilo. Hapo ndipo utakapojua saa zako zinakwenda wapi, ngapi kwenye kukata, ngapi kwenye mshono na ngapi kwenye ukingo. Bila hesabu hiyo, bei utakayoitaja itakuwa ya ngozi, vyuma na uzi peke yake, na kazi ya mikono yako utakuwa umeitoa bure.